Nyasi za Shemeji Hedwiga

Jumatano ya Majivu, 12 Februari 1975

Tangu Agosti sijaandika neno humu. Mwanafunzi ambaye angeniletea daftari lenye kurasa tupu za miezi sita ningemsimamisha mbele ya darasa, wala nisingesikiliza kisa cha kuhama, kuugua au kufiwa. Kwa hiyo sitoi kisa. Nakiri kosa, naomba radhi kwa daftari hili na kwa yeyote atakayelisoma nitakapokuwa sipo, na naanza upya.

Yaliyopita ni haya. Mwezi wa Agosti tulihamishwa kutoka kwenye migongo ya milima, ambako kila ukoo ulikuwa na ntambo wake, yaani mteremko mzima ulio kati ya vijito viwili, tukakusanywa chini kando ya barabara ya Mkumbi. Kijiji kimeitwa Juhudi. Kina kaya mia moja thelathini na nne. Mimi nilikuwa wa kwanza kushuka. Niling'oa mlango wa nyumba yangu nikaubeba kichwani, ili watu waone kwamba mwalimu mstaafu hahubiri asichokitenda. Sijutii. Shule sasa iko hatua mia mbili, na mtoto anayeharisha hafii tena njiani akiwa amebebwa kwenye machela. Nimezika wanafunzi wangu kwa sababu ya umbali. Asiyewahi kuzika mwanafunzi asinifundishe habari za haki ya mtu kukaa apendapo.

Kaya moja haijashuka. Ni ya Hedwiga, mjane wa marehemu mdogo wangu Tarsisi. Anakaa peke yake kwenye ntambo wa baba yetu, juu kabisa ya kijiji. Leo aliteremka kanisani, akapakwa majivu, akapita mbele ya mlango wangu bila kusimama, akapanda tena.

13 Februari

Mvua.

15 Februari

Mvua. Kahawa ya Fulgence, mwenyekiti wetu, imeanza kuoza mizizi kwa maji yaliyotuama. Huku chini maji hayana pa kwenda.

Jumatatu, 17 Februari

Kamati imenituma nikazungumze na Hedwiga. Mimi ni katibu wa kamati, na pia ni shemeji yake, kwa hiyo walidhani nitasikilizwa mara mbili.

Nilimkuta shambani, mundu mkononi, anaandaa ngolo. Mgeni akiona ngolo mara ya kwanza hudhani mlima umetobolewa kama sega la nyuki. Kazi yenyewe ni hii: nyasi hufyekwa, hulazwa katika mistari inayokatana hata zikafanya miraba, kisha udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kurushwa juu ya nyasi. Kunabaki shimo, na kandokando yake tuta la kupandia maharage. Mvua ikinyesha, maji hukaa mashimoni, hayakimbii. Kazi ya nyasi ni ya mwanamume. Kazi ya udongo ni ya mwanamke. Hedwiga alikuwa amekwisha kufyeka mteremko mzima wa katikati na kulaza nyasi zote. Udongo ulikuwa haujaguswa.

"Shikamoo, Shemeji."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Umekuja kunisaidia au kunihesabu?"

"Nimekuja kukuelimisha."

"Basi keti. Ila usikalie nyasi, nimeshazipanga."

Nilimweleza habari za zahanati itakayojengwa, shule, shamba la pamoja. Alisikiliza kwa adabu huku akinoa mundu wake.

"Nina miaka sitini na miwili," akasema. "Hiyo shule nitaanza darasa la ngapi?"

"Usifanye mzaha, Hedwiga. Kijiji hakiwezi kuwa na mlango mmoja usiofungwa."

"Shemeji, tazama chini. Unaona nini?"

Niliona mabati ya shule, barabara, na pale penye miti mibichi, chemchemi ambayo kijiji kizima kinachota. Iko moja kwa moja chini ya mteremko wake.

"Mimi nikishuka," akasema, "maji nayo yatashuka."

Nilimjibu kwamba serikali ina wataalamu wa maji. Akanipa maharage mabichi nimpelekee Zita, mke wangu.

Alhamisi, 20 Februari

Kamati imekaa. Katibu Tarafa, Ndugu Mkomwa, alihudhuria. Ni mtu wa Handeni, Mwislamu, mpole, mwenye mwandiko mzuri. Nimemwona akiswali peke yake nyuma ya ghala kwa kuwa hapa hana mwenzake. Alituambia kwamba wilayani wanataka taarifa isemayo kaya zote zimehamia, na "zote" haina mabaki.

Wajumbe ni saba. Watano nimewafundisha. Walikuwa wakitazama miguu yao, kwa kuwa Hedwiga ni mama wa watu na amewapikia wengi wao. Fulgence aliniomba nitoe maoni.

Nilisimama, nikawapa kisa wanachokijua. Mwaka 1931 baba yangu mkubwa, Antoni, aliacha safu yake ya ngolo bila kuchimba kwa sababu ya ulanzi, ile pombe ya mianzi. Mvua ilipita kwenye safu ile moja ikabomoa tatu zilizo chini yake, na kaya nne zikakosa maharage. Wazee walimfukuza kwenye ntambo. Hakuna aliyemuuliza haki yake ni ipi, kwani kwetu sisi anayelegeza safu yake anamwibia aliye chini. Nikasema: "Mimi leo nasema juu ya ndugu yangu mwenyewe. Hedwiga ni safu isiyochimbwa."

Mikono ikainuka, yote saba, kwamba paa lake liezuliwe na ashushwe.

Ndugu Mkomwa aliomba maneno yale yaingie katika kumbukumbu za mkutano kama yalivyotamkwa. Niliyaandika kwa mwandiko wangu bora. Nakiri kwamba yalinipendeza.

21 Februari

Zita hakuniuliza kitu. Alikuwa amekwisha kusikia. Ugali aliuweka mezani akaenda kula jikoni.

Jumatatu, 24 Februari

Tulipanda saa tatu asubuhi na mgambo sita wakiongozwa na Benno. Hedwiga alikuwa ametoa vyombo vyake nje kabla hatujafika: vyungu viwili, kitanda, sanduku, picha ya Bikira Maria iliyofungwa katika khanga. Aliketi kwenye kigoda akawatazama wakipanda juu ya paa.

"Benno mwanangu," akamwita, "anza upande wa mashariki. Huko nyasi ni za mwaka jana, zitakufaa kwako."

"Mama, sisi tumetumwa tu," Benno akajibu kutoka juu.

"Najua. Nami nakuelekeza tu."

Paa lilipokwisha kushuka mvua ilianza, akaitazama ikinyesha ndani ya chumba chake. Hakulia. Ingekuwa rahisi kwangu kama angelia.

Nilipokuwa nikisimamia mizigo niliona nyasi zile zilizolazwa mteremkoni, kavu, nzuri, miraba kwa miraba. Ghala letu la kijiji halina paa. Nikasema si halali kuziacha zioze, zikusanywe zishushwe. Mgambo walitazamana. Nilidhani ni uvivu, nikawakemea kama nilivyozoea. Walikusanya mizigo ishirini na sita, wakauacha mteremko mtupu, mwekundu kama jeraha lililobanduliwa kigaga. Nimeliandika agizo hilo katika kumbukumbu: "Katibu alipendekeza nyasi zisipotee."

27 Februari

Ghala limeezekwa. Paa ni zuri.

2 Machi, Jumapili

Padre amehubiri juu ya mbegu. Mvua.

Jumatano, 5 Machi

Hedwiga amepewa kibanda mwisho wa kijiji, karibu na vyoo vya shule. Kila alfajiri anapanda mlimani na jembe. Anaokota magugu na nyasi zilizosalia mipakani, anazilaza mwenyewe, anachimba. Leo nimeambiwa kwamba amemaliza safu mbili.

Fulgence alinijia jioni. "Shikamoo, Mwalimu. Huyu mama atatutia matatani. Katibu Tarafa ameuliza kama amehama au ametembelea."

Barua ya onyo imetoka. Niliinakili mimi. Nilipompelekea, aliigeuza akautazama mwandiko.

"Bado unaandika vizuri, Shemeji," akasema, akaikunja akaiweka chini ya mguu wa kitanda uliokuwa ukicheza.

8 Machi

Mvua tangu asubuhi.

9 Machi

Mvua. Kanisani tulikuwa wachache.

10 Machi

Mvua. Zita anasema goti lake linajua zaidi ya redio.

Jumanne, 11 Machi

Nitaandika kwa utaratibu.

Saa sita mchana mvua ilizidi hata tusisikizane ndani ya nyumba. Kiasi cha saa saba ulisikika mlio kutoka juu, mzito, kama lori linalopanda mlima bila kufika. Nilitoka. Mteremko wa Hedwiga ulikuwa unasogea. Sikuamini kwa sababu mtu hakuzoea kuona ardhi ikitembea. Sehemu yote ya katikati, ile tuliyoivua nyasi, iliteleza ikawa tope, tope likachukua miti, miti ikachukua mawe, vyote vikaja chini kwa upana wa kiwanja cha mpira. Tope lilifika penye chemchemi likasimama. Kama lingekuwa na nguvu ya hatua hamsini zaidi, lingeingia darasa la tatu, nao walikuwa ndani wakiimba majedwali ya kuzidisha.

Hakufa mtu. Namshukuru Mungu, naye anajua kwamba namshukuru kwa hofu.

Chemchemi haipo. Palipokuwa na mawe tuliyoyapanga kwa mikono yetu mwezi wa Septemba pana tope linalomfikia mtu mrefu kifuani. Wanaume walichimba mpaka jioni kwa majembe na sinia. Kila walipotoa, jingine liliingia.

Mvua ilipokatika tukaona juu. Mteremko wote ulikuwa umechubuka, isipokuwa mahali pamoja. Katikati ya wekundu ule zilibaki safu mbili za mashimo, zimejaa maji, zinang'aa. Ni zile za Hedwiga. Tope liligawanyika likapita kushoto na kulia kwake.

Tulisimama watu wazima kiasi cha arobaini tukizitazama safu zile. Kila mmoja wetu alifundishwa ngolo kabla ya kufundishwa Baba Yetu. Kila mmoja alijua kwamba nyasi za ngolo hazitolewi mlimani wakati wa mvua, sawa na mtu anavyojua kwamba mtoto hanyang'anywi nguo akiwa na homa. Mgambo walijua, Fulgence alijua. Nami nilijua, lakini nilikaa darasani miaka thelathini na minane nikawa najua kwa kichwa tu.

Nilimuuliza Benno: "Siku ile mbona hamkusema?"

"Mwalimu," akasema, "nani amewahi kukusahihisha wewe?"

12 Machi

Maji yanachotwa mtoni, mwendo wa saa moja kwenda na saa moja na nusu kurudi.

14 Machi

Zita ameanguka na ndoo. Goti limevimba. Alasiri alikwenda tena.

17 Machi

Watoto kumi na wanane hawakufika shuleni. Wanachota maji.

Jumatano, 19 Machi, Mtakatifu Yosefu

Nilikwenda kwenye kibanda cha Hedwiga. Alikuwa analainisha mpini wa jembe kwa kipande cha chupa.

"Nimekuja kusema kwamba nilikosea juu ya zile nyasi."

"Zile nyasi!" Akacheka. "Shemeji, zile nyasi alizikata nani?"

"Wewe."

"Na za mwaka jana?"

"Wewe."

"Na mwaka juzi? Tarsisi amekufa miaka kumi na mmoja. Nyasi ni kazi ya mwanamume. Mwanamume akifa, nduguye ndiye huzilaza. Hiyo si desturi ya kwenu? Au shuleni hamkuifikia?"

Niliutazama mpini uliokuwa mapajani pake.

"Nilisubiri mwaka wa kwanza," akasema. "Nikasema, ana mitihani. Mwaka wa pili nikasema, ana wakaguzi. Mwaka wa tatu nikanunua mundu. Halafu nasikia umesimama kwenye kamati ukaniita safu isiyochimbwa. Jamani! Safu nimeichimba kila mwaka. Aliyekosekana hapo alikuwa mtu wa nyasi."

Nilibaki nimesimama. Hakunikaribisha kuketi. Alipomaliza mpini akaupima kwenye kiganja, kisha akaniuliza goti la Zita linaendeleaje, kwa sauti ileile.

Antoni wa mwaka 1931 nilimfanya mfano wa darasani maisha yangu yote. Leo nimekumbuka kwamba nilimpenda, na kwamba baada ya kufukuzwa alikwenda Liuli, kule ziwani, akaishi kwa kuombaomba samaki kwa Wanyasa, akafia huko. Sehemu hiyo sikuwahi kuifundisha.

Jumamosi, 22 Machi

Ndugu Mkomwa amekuja na habari njema na habari mbaya katika bahasha moja.

Wilayani kuna mabomba. Yanatosha kuleta maji hapa kutoka kijito cha upande wa pili. Kuna vijiji vitatu vinavyoyataka, na yatapewa kijiji kilichopata hasara kwa hujuma, kwa sababu kwa hujuma kuna fungu la dharura. Kwa kosa la mpango hakuna fungu, kuna maswali. Ameandika taarifa tayari. Inasema kwamba mteremko uliporomoka kwa sababu mwanamke Hedwiga, aliyekaidi onyo la tarehe 5 Machi, aliuchimba bila ruhusa. Imenukuu maneno yangu: "Hedwiga ni safu isiyochimbwa." Inahitaji kupitishwa na kamati na kutiwa sahihi na mwenyekiti na katibu. Kamati itakaa Jumanne, tarehe mosi Aprili.

"Yeye atapata nini?" nikauliza.

"Miezi sita, labda. Kwa umri wake huenda mitatu." Hakunitazama. "Mwalimu, mimi sifurahii jambo hili. Lakini nimehesabu ndoo barabarani asubuhi hii. Nimeacha kuhesabu zilipopita mia mbili. Upande mmoja watu mia saba, upande mwingine mama mmoja. Hesabu hiyo umenifundisha wewe, ndani ya mkutano."

Alipoondoka, Fulgence, aliyekuja naye, alibaki.

"Lakini ule mteremko kila mtu ameuona," nikamwambia. "Palipochimbwa ndipo palipobaki. Tunajua."

"Kujua tunajua, Mwalimu. Kujua hakujazi ndoo."

"Wajumbe wanasemaje?"

"Watatu wanataka mabomba. Watatu wanaona aibu. Mimi nimo katika watatu wa mabomba, sitakuficha. Mke wangu ana mimba ya miezi minane na anashuka mtoni." Akavaa kofia. "Kwa hiyo ni wewe."

Jumapili ya Matawi, 23 Machi

Nilimuuliza Zita angefanya nini. Akasema: "Anayebeba ndoo ni mimi. Usiliulize goti langu, litakujibu vibaya. Na usiniulize mimi, kwa sababu Hedwiga ndiye aliyenizalisha wanangu."

Jumatano, 26 Machi

Leo nimepanda mlimani na mundu niliouazima kwa Hedwiga. Nimefyeka ukingo wa juu ambao haukuporomoka, nikaanza kulaza nyasi chini ya safu zake mbili. Nina miaka sitini na sita. Kazi hii niliifanya mara ya mwisho nikiwa na miaka kumi na tisa.

Alikuja kiasi cha saa nne, akasimama na jembe begani akiitazama mistari yangu.

"Umepiga mistari ya daftari," akasema. "Imenyooka kweli. Maji yatateremka humo kama watoto waliopangwa foleni."

Akaiondoa yote kwa mguu. Akanionyesha jinsi ya kuilaza mshazari, nyasi nene upande wa chini, na jinsi ya kuangalia mlima badala ya kuangalia mstari. Nilifuata. Alisahihisha tena. Nikafuata tena.

Saa sita tulikula viazi. Nilimwambia yote kuhusu taarifa, mabomba, miezi sita. Nilimsomea nakala.

"Huko gerezani," akauliza, "nyumba zina mapaa?"

"Hedwiga."

"Nauliza tu. Tangu Februari nina hamu ya paa lisilovuja." Akamenya kiazi kingine. "Usinitazame hivyo. Unataka niseme 'tia sahihi' ili ulale, au niseme 'usitie' ili uwe shujaa. Sisemi. Mimi sikuwamo kwenye kamati siku ile, wala sitakuwamo Jumanne. Laza nyasi."

Alhamisi Kuu, 27 Machi

Safu tatu. Watu wanatutazama kutoka barabarani. Hakuna aliyepanda kutuzuia, na hakuna aliyepanda kutusaidia.

30 Machi, Pasaka

Amefufuka. Maji ya ubatizo yaliletwa na wanawake kutoka mtoni.

Jumatatu, 31 Machi

Mvua imepungua. Maharage ya Hedwiga yangetakiwa kupandwa wiki mbili zilizopita. Anasema atapanda hata hivyo.

Mke wa Fulgence amejifungua leo asubuhi njiani, akitoka mtoni, kabla ya siku zake. Hedwiga ndiye aliyekimbiliwa. Mtoto ni msichana, mdogo sana, bado anapumua. Alasiri Fulgence alikuja kwangu, akakaa, hakusema jambo lolote kuhusu kesho. Mkononi alikuwa na khanga ya Hedwiga, ile iliyofunga picha, akauliza tu kama naijua sabuni itakayoondoa damu bila kuharibu rangi. Kisha akaenda. Sijui atainua mkono upande gani, na huenda naye hajui.

Taarifa iko mezani mbele yangu. Nimeisoma mara tano. Haina kosa hata moja la lugha, na sentensi iliyo bora kuliko zote ni yangu. Zita amelala na kitambaa cha maji moto gotini. Maji hayo aliyateka mwenyewe.

Naona ni haki daftari hili lijue hali ya mwandishi. Mundu umenitoa malengelenge vidole vitatu, na kalamu naishika kwa shida. Mwandiko huu ni mbaya kuliko wowote nilioandika tangu utoto. Kesho saa tatu watanisogezea karatasi, nao wote wanaifahamu sahihi yangu, kwa kuwa niliwafunza kuandika kwa kuiiga. Uamuzi ukishatolewa nitauandika hapa, wowote utakaokuwa, kwa mkono huu kama ulivyo.